Je, niache kufikiri kwa Kiswahili ili niijue sarufi ya Kiingereza?

Swali: Asalamu aleikum, Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, mkaazi wa Lamu mjini, na kazi yangu ni kupokea wageni katika nyumba moja ya wageni kule Shela. Tangu nimalize kidato cha nne nimekisoma kitabu cha sarufi ya Kiingereza mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Mazoezi ya kitabuni nayafanya vizuri, lakini nikimwandikia mgeni ujumbe, meneja wangu huufuta nusu nzima. Ananiambia niache kufikiri kwa Kiswahili. Nimekuwekea hapa ujumbe mmoja ujionee mwenyewe. Je, ninunue kitabu kingine, nikariri nyakati zote 12, au nifanye nini?

"Dear guest, I have received your message yesterday. The room which you booked it is ready. If I would know the time of your flight, I would send boat to airport. The captain he knows the place. The life in Lamu is quiet and you need only light luggages."

Jibu: Wa aleikum salaam, binti yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na nataka ujue kabla ya yote kwamba sikuona ndani yake kosa hata moja la mtu asiyefikiri. Kila kosa lina mantiki yake, na mantiki yenyewe ni ya Kiswahili, tena Kiswahili fasaha. Ndiyo maana siwezi kuafikiana na meneja wako, ingawa sina shaka kwamba anakutakia mema. Lugha uliyolelewa nayo huivui mlangoni kama viatu. Unachoweza kufanya ni kujua kwa uhakika ni wapi Kiswahili na Kiingereza huongozana na ni wapi huachana, na hilo kitabu chako hakikuweza kukufundisha, kwa sababu vitabu vingi vya namna hiyo huandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima kwa pamoja. Kinakuambia kanuni ni ipi. Hakikuambii kwa nini wewe, mtoto wa Lamu, unaikosea hapo hapo kila siku.

Isitoshe, jambo hili umekwisha kulifanya mara moja maishani mwako bila kulihesabu. Nyumbani, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, unasema "ndia", "moya" na "ndaa", na shuleni ukafundishwa kuandika "njia", "moja" na "njaa", kwa sababu Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Hukukiacha Kiamu ndipo ukajua kuandika Kiswahili sanifu. Ulijifunza kwamba palipo na "nd" ya nyumbani, mara nyingi daftarini huandikwa "nj", na ukavishika vyote viwili bila kimoja kukila kingine. Kwa Kiingereza safari ni ndefu zaidi, lakini mwendo ni ule ule.

Nianze na "send boat to airport", kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hukwama miaka na miaka. Kiswahili hakina vibainishi vya aina ya "a" na "the", na kwa sababu hiyo watu husema kwamba Mswahili hana budi kukisia tu. Si kweli. Tofauti ambayo Kiingereza huionyesha kwa maneno hayo mawili tunayo sisi pia, ila tunaiweka mahali pengine. Kumbuka hadithi za bibi zinavyoanza: hapo zamani palikuwa na sultani mmoja, sultani huyo alikuwa na binti. Hakuna msimulizi anayeanza na "sultani huyo", maana msikilizaji angemuuliza ni yupi. Kwanza anamleta mtu ukumbini kwa "mmoja", kisha, akishajulikana, anamwita "huyo" au "yule". Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "a sultan" anapoingia, "the sultan" anapokuwa amekwisha kuingia. Tena historia ya maneno hayo inatuunga mkono, kwani "a" na "an" yametokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha moja, na "the" limetokana na neno la kuonyeshea, kama "yule" wetu.

Basi kila unapoandika nomino ya umoja inayohesabika, ijaribu kwa Kiswahili. Ikiwa unaweza kuiongezea "mmoja" au "fulani" bila kuharibu maana, andika "a". Ikiwa unaweza kuiongezea "yule" au "ile", andika "the". Mashua utakayompelekea mgeni, yeye haijui bado, ni mashua mojawapo: "a boat". Kiwanja cha ndege, kwa upande mwingine, hamjakitaja popote katika mazungumzo yenu, na bado ni "the airport", kwa sababu kipo kimoja tu, pale Manda, na yeye mwenyewe ana tikiti ya kushukia hapo. Hii ndiyo nusu ya kanuni ambayo wengi huisahau: "the" hailazimu kitu kuwa kimetajwa, inatosha mwandishi na msomaji wawe wanakijua kwa pamoja. Kwa hiyo jua na mwezi ni "the sun" na "the moon" hata katika sentensi ya kwanza kabisa.

Kipo kipimo cha pili, nacho kimo ndani ya kitenzi. Sikiliza tofauti ya maswali haya mawili, ambayo bila shaka unayauliza kila siku kazini: "Umeleta ufunguo?" na "Umeuleta ufunguo?" La kwanza linaweza kuwa juu ya ufunguo wowote. La pili ni juu ya ufunguo ambao wewe na mwenzako mnaujua, ule wa chumba kile, na kilicholeta tofauti hiyo ni silabi moja tu, "u" ya pili. Ukisikia katika kichwa chako kiambishi hicho cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa, uwezekano ni mkubwa kwamba Kiingereza kitataka "the". Nakuonya tu kwamba kipimo hiki ni cha vitu. Kwa watu hakitumiki, kwa sababu husema "nimemwona mtu" hata pale mtu mwenyewe asipojulikana.

Ikiwa ulisoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kidogo chuoni, una msaada wa tatu. Unajua kwamba "kitabun" ni kitabu fulani na "al-kitabu" ni kile kitabu, na "al" hiyo hukaribiana sana na "the". Lakini hapa lazima uwe macho, na naamini ndipo lilipotoka kosa lako la "the life in Lamu". Kiarabu huweka "al" hata juu ya mambo yanayosemwa kwa ujumla, kama uhai, elimu au subira, wakati Kiingereza huyaacha matupu: "life", "knowledge", "patience". Katika jambo hili Kiswahili kiko karibu zaidi na Kiingereza. Unaposema "maisha ya Lamu ni matulivu" hukuongeza "yale", basi usiongeze "the".

Sasa tuje kwenye sentensi yako ya kwanza, "I have received your message yesterday". Ulichoandika ni "nimepokea ujumbe wako jana", na shuleni ulifundishwa kwamba "-me-" ni "have" na "-li-" ni wakati uliopita. Mafundisho hayo si ya uongo, ila hayakukamilika. Kiambishi "-me-" hutazama hali iliyobaki baada ya tendo: nimepokea, basi ninao. Kwa kuwa macho yake yako kwenye hali ya sasa, hakisumbuliwi sana na kutajwa kwa wakati, na watu husema "amefika jana" bila mtu kushtuka. "Have" ya Kiingereza haivumilii hivyo. Ukishataja wakati uliokwisha pita, iwe "yesterday", "last week", "in 2019" au "at eight o'clock", "have" lazima iondoke na kitenzi kirudi katika wakati uliopita wa kawaida. Jiulize: je, sentensi yangu inajibu swali "lini"? Ikiwa inalijibu kwa wakati uliopita, andika "I received your message yesterday". Ikiwa hailijibu, "I have received your message" ni sawa kabisa.

Upo upande wa pili wa "-me-" ambao haukutokea katika ujumbe wako, lakini kwa kazi yako utakutana nao kesho asubuhi. Kuna vitenzi ambavyo kwa "-me-" sisi hueleza namna mtu alivyo sasa hivi: amelala, amekaa, amesimama, amechoka, ameshiba, amevaa. Kiingereza hapa hutumia "is". Nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mfanyakazi wa mapokezi kama wewe, aliyepigiwa simu na ndugu wa mgeni akitaka kuzungumza naye. Mgeni alikuwa usingizini, na mwanafunzi wangu akajibu kwa adabu, "He has slept." Aliyepiga simu akafurahi na kusema, vizuri, basi mpe simu. Yeye alielewa kwamba mgeni amekwisha kulala na sasa yuko macho, na mwanafunzi wangu akabaki ameshika simu asijue ni wapi maneno yake yalipopinduka. Alipaswa kusema "He is asleep" au "He is sleeping". Tangu siku ile huwaandikisha wanafunzi wangu vitenzi hivyo katika ukurasa wa peke yake: "amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu", "nimechoka" ni "I am tired", "wamekaa barazani" ni "they are sitting on the baraza". Orodha yenyewe si ndefu, na ukiijua utaepuka fadhaa nyingi.

Kosa la "the room which you booked it" ni mfano mzuri kuliko yote wa jinsi Kiswahili fasaha kinavyoweza kuzaa Kiingereza kibovu. Kilichokuwa akilini mwako ni "chumba ulichokikodi". Likate neno hilo: u-li-cho-ki-kodi. Humo mna "cho", kirejeshi kinachorudi kwa chumba, na mna "ki", yambwa, ambayo nayo ni chumba kile kile. Sisi huruhusiwa kukitaja mara mbili ndani ya neno moja. Ulipovuka kwenda Kiingereza ukazihamisha zote mbili kwa uaminifu, "cho" ikawa "which" na "ki" ikawa "it". Kiingereza hakiruhusu zaidi ya moja. Kwa hiyo baada ya "which", "that" au "whom", ukiona "it", "him", "her" au "them" inayorudi kwa kitu kile kile, ifute. "The boat that I hired", si "that I hired it". Ndugu wa kosa hili ni "the captain he knows", ambapo "he" imetoka katika ile "a" ya "anajua". Kwetu kiambishi hicho ni cha lazima hata nahodha akitajwa. Kwao "he" huja pale tu nahodha asipotajwa.

Kuhusu "if I would know", ulitafsiri "ningejua, ningepeleka". Kiswahili hupenda usawa hapa na huweka "-nge-" pande zote mbili. Kiingereza huweka "would" upande mmoja tu, ule wa matokeo, na upande wa "if" hutumia umbo la wakati uliopita: "If I knew, I would send." Umbo hilo la "knew" halina maana ya jana; linaonyesha tu kwamba jambo haliko hivyo. Kwa jambo lililokwisha kupita, kama "ungaliniambia ningalikungoja", ni "if you had told me, I would have waited", tena "would" ikiwa upande mmoja. Hata hivyo, kwa mgeni wako nisingeandika hivyo kabisa, kwa sababu saa ya ndege ni jambo analoweza kukuambia leo hii. Hapo Kiswahili chako mwenyewe kingekuongoza kwenye "-ki-": ukiniambia, nitapeleka. Tazama jinsi "ukiniambia" isivyokuwa na "-ta-" ingawa ni jambo la mbele. Kiingereza nacho hakitaki "will" baada ya "if": "If you tell me, I will send." Hapa lugha mbili zimekutana, na aliyeambiwa aache kufikiri kwa Kiswahili atakuwa ameambiwa autupe ufunguo ulioko mkononi mwake.

Neno "luggages" limetokana na "mizigo", ambayo kwetu ni wingi. "Luggage", pamoja na "information", "advice", "furniture" na "equipment", hayachukui "s" kamwe. Yakariri, hakuna njia nyingine.

Ujumbe wako hauna swali wala ukanushi wowote wa wakati uliopita, lakini nimesahihisha madaftari mengi mno kiasi cha kujua kwamba siku moja utaandika "I did not went". Jiulize tu ukanushi wa "nilikwenda" ni nini. Ni "sikwenda". "-li-" imekwenda wapi? Imeondoka, na nafasi yake imeshikwa na kitu kingine, wala hakuna anayethubutu kuviweka vyote viwili. Kiingereza hufuata adabu hiyo hiyo: "did" ikishauchukua wakati uliopita, kitenzi hurudi katika umbo lake la asili, "did not go", "did you go?". Na ukiulizwa swali la kukanusha, kama "You haven't paid?", jihadhari na jibu la "Yes". Kwetu "ndiyo" hukubaliana na maneno ya muulizaji, yaani ndiyo, sijalipa. Kwao "yes" humaanisha nimelipa na "no" humaanisha sijalipa, vyovyote swali litakavyoulizwa. Pale penye pesa, jibu kwa sentensi nzima.

Umeuliza kama ukariri nyakati 12. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha nyakati 3 kwa hali 4, na ni hesabu nzuri ya kitabuni, lakini unaweza kumaliza mwaka mzima wa kupokea wageni bila kuhitaji "I will have been working" hata mara moja. Shika vizuri "I work", "I am working", "I worked", "I have worked" na "I will work", pamoja na "would" tuliyoizungumzia. Nyingine zitakuja zenyewe unaposoma.

Kitabu kingine usinunue kwa sasa. Unacho kitabu bora zaidi, nacho ni barua za wageni wenyewe. Kila jioni chukua sentensi tano zilizoandikwa na mgeni ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya nyumbani, uzitafsiri kwa Kiswahili kizuri, Kiswahili cha kusomeka, si cha kufuata neno kwa neno. Kesho yake, bila kutazama za asili, zirudishe katika Kiingereza, kisha zilinganishe. Pale ulipotofautiana na mwandishi ndipo somo lako la siku hiyo lilipo, na hakuna kitabu kingeweza kukuchagulia somo kwa usahihi huo. Njia hii ni ya zamani sana. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth wa Kwanza kabla hajawa malkia wa Uingereza, aliipendekeza kwa wanafunzi wa Kilatini katika kitabu kilichochapwa mwaka 1570, na kwa miaka yote niliyofundisha hapa Lamu sijaona inayoishinda kwa mtu mwenye lugha yake imara.

Utakapopata kosa, usiliandike daftarini kwa jina la kanuni. Andika sentensi ya Kiswahili iliyolizaa, na mbele yake sentensi sahihi ya Kiingereza: upande mmoja "chumba ulichokikodi", upande wa pili "the room you booked". Kabla ya kutuma ujumbe, usome mara mbili, kila mara kwa kazi moja. Mara ya kwanza tafuta "it" na "he" za ziada. Mara ya pili pita juu ya kila nomino ukiijaribu kwa "mmoja" na "yule". Anayetafuta makosa yote kwa mpigo mmoja huyapita mengi.

Ujumbe wako sasa unasomeka hivi: "Dear guest, I received your message yesterday. The room you booked is ready. If you tell me the time of your flight, I will send a boat to the airport. The captain knows the place. Life in Lamu is quiet, and you need only light luggage." Mpangilio wa mawazo, adabu kwa mgeni na maneno karibu yote ni yako. Nilichoongeza ni "a" moja na "the" moja, na katika sentensi ya ndege nimeweka "ukiniambia" badala ya "ningejua". Yaliyobaki yote nimeyafuta tu.